Subirani, Nchi Iliyopangusa Santuri Yake

Namna nilivyofika Subirani haina faida kwa msomaji. Safari zote zinafanana: mtu anachoka, anaona njaa, anafika. Nitasema tu kwamba ni nchi yenye milima miwili, mto mmoja na machungwa matamu sana, na kwamba nilipofika haikuwa na serikali, kwa sababu serikali yenyewe ilikuwa bado inapakiwa.

Jambo hili linataka maelezo. Katika nchi nyingine serikali hutoka kwenye kura, au kwenye ukoo, au kwenye mtutu wa bunduki. Subirani serikali hutoka kwenye santuri. Ni sahani ya kioo, pana kama ungo, inayong'aa rangi zote za upinde wa mvua, na ndani yake umetiwa utaratibu mzima wa nchi: jinsi ya kuoka mkate, kupiga muhuri barua, kumkamata mwizi, kumwachia mwizi, kufungisha ndoa. Utaratibu huo wanauita Mfumo. Santuri huwekwa ndani ya Kinanda Kikuu, chombo kikubwa kama ghala la pamba. Kinanda hutoa ulimi wa chuma, hulambishwa santuri, hurudisha ulimi ndani na kuanza kusoma. Kinachosomwa hupita kwenye mabomba ya bati mpaka kila ofisi na kila nyumba, na kila afisa aliyetega sikio bombani hupata kujua kazi yake ni ipi.

Mpaka hapo sina la kulaumu. Lakini sheria ya Subirani inasema kwamba Mfumo mpya hauwezi kuingia juu ya Mfumo wa zamani, kama vile uji hauwekwi kwenye bakuli lenye mchuzi. Kwa hiyo, kabla santuri mpya haijajaribiwa hata kidogo, husherehekewa Siku ya Kufuta. Maafisa wote hukusanyika uwanjani, hunyolewa vipara, na huapa kusahau kila walichokijua. Nilimuuliza mwokaji mmoja kama kweli alikuwa amesahau kuoka mkate.

"Nimesahau kabisa," aliniambia, huku vidole vyake vikikanda hewa.

"Na vidole?"

"Vidole ni vya upinzani."

Basi walikuwa wamefuta, wakaweka santuri, Kinanda kikasoma vizuri mpaka robo tatu, kisha kikakwama. Kulikuwa na mnara katikati ya mji ambao juu yake hupandishwa kitambaa cha kijani kuonyesha Mfumo umefika wapi. Kitambaa kilikuwa kimesimama robo tatu ya mnara tangu msimu wa machungwa uliopita, na ndege walikuwa wamejenga kwenye mikunjo yake. Kwenye mabomba yote ya mji ilisikika sauti moja ya upole, mchana kutwa: "Kazi inaendelea. Tafadhali subiri. Usizime chochote."

Msomaji atafikiri kwamba nchi yenye robo tatu ya serikali ina nafuu kuliko isiyo na serikali. Mimi pia nilifikiri hivyo. Zimamoto walikuwa wamepokea sura ya kuvaa kofia na sura ya kupiga king'ora, lakini sura ya maji haikuwa imefika. Moto uliposhika soko la vikapu walifika haraka mno, wakiwa nadhifu, wakaupigia king'ora mpaka ukazimika wenyewe kwa kukosa cha kuunguza. Hospitali ilikuwa imepokea namna ya kulaza mgonjwa ila si namna ya kumruhusu kwenda nyumbani. Waliopona walikuwa wengi kuliko wagonjwa, na wodi ya wanaume ilikuwa na timu nzuri ya mpira.

Mpakani niliingia kwa shida ndogo. Afisa aliniwekea mbele tita la karatasi lenye kimo cha mbuzi, akasema, "Masharti ya Kuingia. Sema 'Nakubali' upite."

Mimi nilijifunza kusoma nikiwa mtu mzima mwenye watoto, katika darasa la jioni pale Korogwe, mikono ikinuka grisi ya karakana. Mtu aliyezipata herufi kwa jasho hapiti maandishi bila kuyasalimu. Nilivaa miwani, nikaomba kiti.

"Unafanya nini, mzee?" afisa aliuliza.

"Nasoma."

"Hapa hakuna mtu anayesoma!"

"Sasa yupo."

Foleni nyuma yangu ilirefuka, watu wakaanza kunitukana, kisha wakaanza kunitazama kama watu wanaotazama kiini macho. Nilipomaliza nilivua miwani nikasema, "Nakubali, isipokuwa ukurasa unaosema punda wangu ni mali yenu, kwa kuwa sina punda." Afisa alisimama kwa heshima. Akanipigia saluti. Kabla ya magharibi habari zilikuwa zimefika kwa Waziri wa Kinanda, Bwana Mwinyikai, kwamba nchini ameingia mtu anayesoma, na mimi nikateuliwa Mtaalamu kutoka Nje. Katika nchi ile cheo hicho hakidai ujuzi wowote. Kinachotakiwa ni kutoka nje.

Nilipangiwa kukaa kwa bibi mmoja aitwaye Bi Mize, mwanamke mwembamba mwenye ulimi mkali na mkono mwepesi wa kukaribisha. Nilibisha hodi, akafungua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Una uhakika?"

Sikuelewa. Baadaye nilijifunza kwamba Subirani neno lolote la maana halihesabiwi limesemwa mpaka msemaji aulizwe kama ana uhakika, naye aseme anao. Wanafanya hivyo kwa kila kitu, hata kuomba chumvi. Kwetu ingechukiza, kwao ni adabu, na imekuwa mazoea hadi midomo yao huuliza bila wao kuambiwa.

"Nina uhakika," nilisema.

"Basi pita. Lakini pita pembeni ya ukuta, usiwaguse maarusi."

Sebuleni kulikuwa na viti viwili vilivyopambwa kwa vitambaa vya dhahabu, na juu yake wamekaa bwana na bibi arusi. Mapambo yalikuwa yamepauka. Maua yalikuwa yamekauka yakawa kama majani ya chai. Mbele yao, kwenye kigoda, alikaa Msajili wa Ndoa, mtu wa makamo aliyegandisha sikio kwenye bomba la bati. Kando ya bwana arusi alikaa mama mmoja mnene, akijipepea kwa hasira.

"Hawa wana nini?" nilimnong'oneza Bi Mize.

Aliyejibu ni bibi arusi mwenyewe, na hakunong'ona. "Tumekwama, mzee! Mimi naitwa Tunu, mjukuu wa huyu bibi. Ndoa Subirani zinafungishwa kwa herufi. Akina Asha wameolewa, akina Mgeni wameolewa, wana watoto sasa. Ikafika zamu ya T. Msajili akamuuliza huyu Fumo kama ananikubali, Fumo akasema anakubali, akaulizwa kama ana uhakika, akasema anao. Msajili akanigeukia mimi, akafungua mdomo, na Kinanda kikakwama."

"Sura ya swali la bibi arusi haijafika," Msajili alisema, bila kuondoa sikio bombani.

"Ndiyo maana nimekaa hapa mpaka nyonga zimeota kutu," Tunu alisema. "Hina imefutika mara ngapi? Bibi ananipaka tena."

Bwana arusi, Fumo, alikuwa kijana mzuri mwenye macho ya mtu anayeomba radhi kwa kuzaliwa. Alisema polepole, "Tunaruhusiwa kujinyoosha, mmoja mmoja. Tukiinuka wote pamoja inahesabika tumezima."

Nilimgeukia Msajili. "Ndugu yangu, wewe una mdomo, yeye ana masikio. Kwa nini usimuulize?"

Uso wake ulipauka. "Swali ambalo halijatoka kwenye Kinanda, mzee? Mbele yangu? Akithubutu mtu yeyote kuliuliza nikiwa hapa, nitaibatilisha ndoa nzima, pamoja na jibu la bwana arusi."

"Ibatilishwe tu!" alisema yule mama mnene. Huyu alikuwa Bi Hidaya, mama mzazi wa Fumo. "Mwanangu nilimtafutia binti wa kwa Adila. Familia ya Adila, herufi ya kwanza! Wangekuwa wameoana, nami nina wajukuu. Lakini yeye akataka T. Nani anapenda T?"

"Mama," alisema Fumo.

"Nyamaza. Umekaa kama mtungi."

Tunu aliniambia shida yake usoni kabla sijanywa maji. "Sikiliza, mzee, kwa sababu wanasema wewe ni mtaalamu. Mimi namtaka huyu Fumo. Simtaki mwingine. Kinanda kikisoma robo iliyobaki, nitaulizwa, nitajibu, basi. Lakini wakianza upya, kila kilichosomwa kinafutwa, na jibu la Fumo linafutwa. Atateremka kwenye kiti hiki akiwa kijana asiyeoa, na mama yake huyu atampeleka kwa Adila kabla vumbi halijatulia."

"Nimeshamshonea koti," Bi Hidaya alithibitisha.

"Kwa hiyo fanya utaalamu wako," Tunu alisema, "lakini wasianze upya."

Nilimwahidi. Nilikuwa na nia njema, na nilikuwa nimeshiba machungwa.

Asubuhi yake Waziri Mwinyikai alinichukua kwenda kukikagua Kinanda. Alikuwa mtu mrefu mwenye sauti nzuri, aina ya sauti inayomfanya mtu akubali jambo kabla hajalisikia. Tulikuta maafisa wamepanga foleni kwa vyeo, kila mmoja na kitambaa mkononi.

"Wanasubiri nini?" niliuliza.

"Kupangusa," Waziri alisema kwa fahari. "Tangu Kinanda kikwame, kila asubuhi tunaitoa santuri na kuipangusa. Ni ishara ya uzalendo. Asiyepangusa tunamshangaa."

Kinanda kilitoa ulimi. Waziri alitangulia, akaisugua santuri kwa leso ya hariri, akizunguka, akizunguka, huku mchoraji wa serikali akimchora. Akafuata naibu wake, ambaye kwa kuwa alikuwa na cheo kidogo alitumia nguvu zaidi. Akaja mkuu wa idara kwa mkono wa koti, na vifungo vya koti. Kila aliyekuwa chini alitaka aonekane kuliko aliyekuwa juu. Wa mwisho alikuwa karani mmoja aliyekuwa akisubiri kupandishwa cheo tangu Mfumo wa babu zao. Huyu alichuchumaa, akatoa majivu na kumbi la nazi, akaisugua santuri ya nchi kama mtu anayesugua sufuria ya makande yaliyoshika chini. Meno yaliniuma mpaka masikioni. Wenzake walimtazama kwa wivu.

Santuri ilirudishwa. Kinanda kiliguna: krrr, krrr, krrr, ta! Kisha mabomba yakasema: "Kosa. Kuna kitu kimeshindikana. Wasiliana na msimamizi wako."

Hapo alijitokeza mzee mwenye joho, Mfasiri wa Makosa, ambaye kazi yake ni kueleza maana ya maneno ya Kinanda. Alifumba macho akasema, "Kimesema 'kuna kitu'. Nchi maskini haina kitu. Sisi tuna kitu." Watu wakapiga makofi.

"Na msimamizi ni nani?" niliuliza.

Karani alimwonyesha mkuu wa idara, mkuu wa idara akamwonyesha naibu, naibu akamwonyesha Waziri, na Waziri akaonyesha juu kabisa, kwenye kile kitambaa cha kijani chenye ndege.

Niliomba kuishika santuri. Niliiinua kuelekea mwangani. Nimeona uwanja waliopigania majogoo, nimeona mlango ambao paka alifungiwa nyuma yake. Sijaona kitu kilichokwaruzwa namna ile. Hapakuhitajika elimu ya jioni wala ya mchana. Mtu yeyote mwenye jicho angeona, na macho pale yalikuwa mengi, yote yakitazama dari.

Baraza liliitishwa mchana ule kusikiliza ripoti yangu. Ni ukumbi mzuri, na wajumbe hukaa kwa vyama. Kuna Wapulizaji, wanaoamini santuri ipulizwe, na kwa hiyo mashavu yao ni makubwa. Kuna Wapangusaji, ambao nimewaeleza. Kuna Wasubirio, wanaoshikilia kwamba Kinanda hakijakwama hata kidogo bali kinafikiri. Na kuna Waanza-Upya, ambao hawana hoja, ila wanaisema kwa sauti moja.

Nilisimama nikasema, "Waheshimiwa, santuri imekwaruzwa. Inapanguswa mno. Acheni kuipangusa, na itafutwe nakala."

Kisha Waziri aliuliza kwa upole, "Una uhakika?"

"Nina uhakika."

"Nakala ilikuwepo," alisema. "Tuliipangusa ile kwanza, kwa mazoezi."

Mjumbe wa Wapulizaji aliruka juu. "Tulisema! Pumzi haikwaruzi!"

"Pumzi yako inakwaruza hata ukuta," alijibu Mpangusaji. "Uliipuliza santuri ukitoka kula kitunguu, Kinanda kikakohoa siku nzima!"

"Kitambaa kinapanda!" alipiga kelele mzee wa Wasubirio. "Marehemu kaka yangu alikiona kikipanda!"

"Ulikuwa upepo!"

"Upepo nao unapanda!"

Mfasiri wa Makosa alitoa hoja kwamba tusiite mikwaruzo, bali nyayo za heshima, na hoja hiyo ilipita. Lakini ikabaki shida. Ikiwa santuri ina nyayo, basi nyayo zina wenyewe, na kila mjumbe alianza kukumbuka nani alipangusa baada ya nani. Niliona shingo zikigeuka. Karani wa majivu alificha kumbi lake chini ya kiti. Waziri Mwinyikai naye aliona, na hapo nilifahamu kwa nini alikuwa Waziri.

"Ndugu wajumbe," alisema, "mgeni wetu ametufungua macho. Tunamshukuru. Kutokana na ripoti yake, napendekeza tuanze upya."

Ukumbi mzima ulishusha pumzi. Wapulizaji walikubali, Wapangusaji walikubali, hata Wasubirio walikubali, kwa kuwa kuanza upya kunahitaji kusubiri kwingi. Sijapata kuona umoja kama ule. Kuanza upya ni dawa isiyouliza ugonjwa wala aliyeuleta.

"Mimi sikusema hivyo!" nilisema. "Mkianza upya kwa santuri ileile, itakwama palepale!"

"Una uhakika?" aliuliza Waziri.

"Nina uhakika kabisa!"

"Basi tutakuwa na majibu ya kisayansi," alisema, na ripoti yangu ikapokelewa kwa makofi.

Nilirudi kwa Bi Mize nikitembea karibu na ukuta. Habari zilikuwa zimenitangulia kwa bomba. Tunu hakusubiri nivue viatu.

"Mzee! Nilikwambia uwaambie wasianze upya. Ukaenda kusema nini?"

"Nilisema ukweli, mwanangu. Nilisema imekwaruzwa."

"Na ukweli umekwenda kuoa kwa Adila!"

Bi Mize alicheka, kisha akajifuta machozi ambayo hayakuwa ya kicheko. "Mimi nilitaka niione ndoa moja tu kabla sijaenda zangu. Moja! Sikuomba sherehe. Niliomba swali."

Bi Hidaya tayari alikuwa amelitoa lile koti la kwa Adila na alikuwa analipima mgongoni mwa Fumo, aliyeketi. Fumo alisema, "Mama, linabana." Mama akasema, "Litakubana vizuri."

Niliona aibu, nami si mtu wa kuona aibu kwa urahisi. Umri wangu umenipa haki ya kuacha. Nilijaribu kumweleza Tunu kwamba hoja yangu ilikuwa sahihi. Akaniambia hoja sahihi isiyookoa kitu ni kama zimamoto wa Subirani.

Siku ya Kuanza Upya ilifika, na utaratibu wake ni huu. Kengele hupigwa. Maafisa wote, kuanzia Waziri hadi karani, hutoka nje ya lango la mji na kusimama wakiupa mji mgongo. Mpini wa Kinanda huteremshwa. Kinanda huachwa kipoe. Kisha mpini hupandishwa, kengele hupigwa tena, na maafisa huingia wakijifanya hawajapata kuiona nchi ile maishani. Wananchi hubaki majumbani, kila mmoja akijihesabu kuwa hajaanza.

Kengele ya kwanza ilipolia, Msajili aliondoa sikio kwenye bomba. Sikio lilikuwa na alama ya duara. Alitutazama, akainamisha kichwa, akatoka. Ndiyo mara ya kwanza nilipomwona ana miguu.

Kisha mpini ukateremshwa, na bomba likanyamaza.

Sijui nielezeje kimya kile. Watu wa Subirani walikuwa wamesikia "Tafadhali subiri" kwa muda mrefu mpaka wamesahau kwamba ni sauti. Walidhani ndivyo hewa ilivyo. Sasa nilisikia jogoo. Nilisikia mtu wa nyumba ya pili akikohoa. Bi Mize alitazama huku na huku kama mtu aliyeibiwa.

Bi Hidaya ndiye wa kwanza kuzinduka. Alimshika Fumo mkono. "Inuka. Umefutika. Twende."

Fumo aliinuka nusu. Namna alivyoinuka ilinihuzunisha: kama kiti kinachoinuliwa na mtu mwingine.

"Fumo," alisema Tunu.

Fumo alisimama katikati ya kuinuka na kukaa.

"Niulize," Tunu alisema.

"Mimi si Msajili, Tunu."

"Msajili sasa ni nani? Yuko nje ya lango anatazama mashamba. Waziri ni nani? Mfumo ni upi? Wa zamani wamefuta, mpya wameuzima, na wa kusubiri umenyamaza, sikiliza! Hakuna anayekukataza. Niulize wewe."

"Twende, nakwambia!" Bi Hidaya alivuta.

Fumo alimtazama mama yake, akalitazama bomba, akanitazama mimi. Wajibu wa mtaalamu kutoka nje ni kusema jambo wakati kama huo. Nilichoweza kusema ni, "Kijana, Kinanda kinapoa haraka."

Akamgeukia bibi arusi. "Tunu," alisema, kwa sauti ya panya, "unanikubali?"

"Nimekaa hapa mpaka maua yamekuwa chai, halafu unaniuliza kama mtu anayeomba kiberiti? Uliza vizuri!"

Na Fumo, ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti, alipaza. Nadhani hata Waziri huko nje alisikia, akadhani ni sehemu ya utaratibu. "TUNU! UNANIKUBALI NIWE MUME WAKO?"

"Nakubali," alisema Tunu.

"Una uhakika?" alisema Bi Hidaya.

Alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili, lakini lilikuwa limekwisha kutoka. Hakuwa amekusudia. Mdomo wa Subirani ulikuwa umejiendea wenyewe, kama vidole vya yule mwokaji.

"Nina uhakika, mama mkwe," alisema Tunu, kwa adabu kubwa. "Asante kwa kutufungisha."

Bi Mize alipiga kigelegele. Kilitoka kikavu mwanzoni, kama bomba lililokaa bila maji, kisha kikatoka chote. Kikajibiwa nyumba ya pili, na ya tatu, na muda si muda niliposogea dirishani niliona kwamba wazo lile halikuwa letu peke yetu. Mwokaji alikuwa amewasha tanuri. Wagonjwa waliopona walikuwa wanaruka ukuta wa hospitali wakiwa wamevaa jezi. Mtu wa posta alikuwa anakimbia mtaani akigawa barua kwa mikono miwili, na mwanamke mmoja alikuwa anasoma yake kwa sauti akiwa amesimama katikati ya njia, analia na kucheka. Harufu ya mkate ilitufikia. Mji ule ulifanya kazi ya msimu mzima katika muda wa Kinanda kupoa.

Kisha kengele ya pili. Bomba likakwaruza koo: "Karibu. Kazi inaanza. Tafadhali subiri." Mitaa ikatulia. Maafisa wakaingia.

Wote walishangaa kukuta mkate. Nilikuwepo Barazani wakati wa majadiliano, na natoa taarifa kama nilivyosikia. Kitambaa cha kijani kilipanda mpaka robo tatu kikakwama palepale, kama nilivyosema. Lakini Mfasiri wa Makosa alieleza kwamba nchi yenye mkate haiwezi kuwa imeshindwa. Azimio likapitishwa kwamba kuanza upya kumefanikiwa, na karani wa majivu na kumbi akapandishwa cheo. Wananchi walikuwa wamejaa nje wakilisikiliza Baraza kwa hamu isiyo ya kawaida. Mwokaji mmoja aliinua mkono akauliza kama Waheshimiwa hawaoni haja ya kuanza upya tena, ikiwezekana Jumanne. Waziri Mwinyikai aliguswa sana na uzalendo ule.

Mimi nilifutiwa uteuzi, kwa kuwa sasa nilikuwa nimekaa sana na sikuhesabika tena kuwa wa nje. Nilikwenda kwa Bi Mize kuaga. Nilimkuta Msajili amesimama mbele ya viti, safi, bila kumbukumbu.

"Teremkeni," alikuwa anasema. "Mmefutwa. Mkapange foleni. Tumeanza na A."

"Hatupangi," alisema Tunu. "Tumekwisha kuoana."

"Kwa Mfumo upi?"

"Siku hiyo haukuwepo."

Msajili aliinama bombani, akasikiliza kwa muda mrefu, akainuka. Alikuwa mtu mwaminifu, na niliona kwamba alikuwa anapata taabu. "Hiyo ndoa haijaandikwa popote," alisema.

"Basi," alisema Tunu, "utaifutia wapi?"

Nilimwona Msajili akitafuta sura ya jambo lile ndani ya kichwa chake kilichonyolewa, na sura haikuwepo. Mwishowe alichukua kigoda chake, akainama kidogo kwa heshima, akaenda kumtafuta A.

Tunu aliinuka, na miguu ikamkataa. Ilikuwa imekaa mno. Fumo alimdaka upande mmoja. Upande wa pili hapakuwa na mtu ila Bi Hidaya, ambaye alitazama ukutani, akatazama lile koti la kwa Adila, kisha akaingiza bega lake kwapani mwa mkwewe na kunyanyua.

"Mzito," alisema. "Nilijua atakuwa mzito."

"Polepole, mama mkwe," alisema Tunu. "Kuna ngazi."

Wakatoka hivyo, watatu kwa mlango mmoja, wakiwa wamebanana, wakigombana ni nani atangulize mguu upi.